Simu zinakatakata na intaneti ipo: kutafuta kosa la vipaumbele kwenye swichi

Mombasa, lawama ya kwanza huenda baharini. Simu za ofisi zikianza kukatakata, kabla sijafungua mkoba wa vifaa nitaambiwa kebo ya baharini imekatika tena. Siwalaumu. SEACOM na TEAMS zilitua hapa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, na tangu hapo kila mtu mjini ni mtaalamu wa kebo. Lakini simu inayotoka meza ya mapokezi kwenda kwa mhasibu ghorofa ya pili haifiki baharini. Haifiki hata barabarani. Inapita swichi mbili, vile visanduku vya kuunganisha waya za mtandao, na waya wa mita arobaini, basi.

Mifano mingi ya hapa chini imetoka ofisi moja ya clearing (kutoa mizigo bandarini) iliyo kisiwani: watu wapatao 40, simu za mezani 30, kamera 16, swichi mbili za Cisco Catalyst 2960, rauta ya MikroTik na fiber ya megabiti 50. Amri nilizoandika ni za swichi hizo, kwa sababu bado nakutana nazo sana. Ukiwa na aina nyingine amri zitabadilika, ila makosa ni yale yale.

## Kwanza jua foleni iko wapi

Kipaumbele hakiongezi nafasi. Aliyevuka Likoni ameyaona haya: ambulensi ikija magari yanasogezwa, inaingia feri mbele ya wote, lakini feri haikupanuka hata shubiri. Na saa ambayo gati ni tupu, king'ora hakina kazi, kila mtu anaingia tu. Swichi ni hivyo hivyo. Kupanga nani atangulie kuna maana penye msongamano pekee, na msongamano hutokea kwenye poti (tundu la waya) moja au mbili, si kila mahali.

Kwa hivyo sigusi usanidi wowote kabla ya kujua pakiti, vile vipande vidogo vya data, zinafia wapi:

```
show interfaces gigabitEthernet0/24 | include drops
show mls qos interface gigabitEthernet0/24 statistics
```

Ya kwanza inakupa jumla ya pakiti zilizotupwa zikiwa mlangoni kutoka. Ya pili inaonyesha zimetupwa kutoka foleni ipi. Andika namba kwenye karatasi, subiri dakika 5 kazi ikiwa imepamba moto, piga tena. Namba yenyewe si kitu. Swichi iliyowashwa tangu mwaka jana itakuwa na maelfu. Unachotaka ni kuiona ikipanda mbele ya macho yako. Isipopanda, achana na swichi hiyo, nenda kifaa kinachofuata.

Kuna mtego mmoja hapa. Kwenye usanidi foleni za kutoka huitwa 1 hadi 4, lakini takwimu hizi huziandika 0 hadi 3. Foleni 1, ile ya sauti, ndiyo 0 kwenye skrini. Niliwahi kupoteza asubuhi nzima nikimwongezea nafasi jirani.

## "Zinakatakata saa kumi jioni tu"

Mama wa mapokezi ndiye aliyenieleza vizuri kuliko wote. "Mwanangu, mtu akinipigia saa kumi namsikia kama yumo ndani ya kisima. Asubuhi hana neno." Tatizo lenye saa yake ni nusu ya jibu. Nikamwendea mhasibu kumuuliza ni kitu gani huanza saa kumi. Bakapu ya seva, akasema. Aliipanga saa hiyo ili imalizike kabla ofisi haijafungwa.

Nikangoja. Swichi yao iko stoo ya mafaili, feni moja inazunguka kwa kulalamika, skrubu za kabati zimeshaanza kutu. Saa kumi na dakika mbili, pakiti zilizotupwa kwenye poti 24, ile inayounganisha ghorofa mbili, zikaanza kuongezeka kwa mamia kila nikirudia amri. Nikaangalia hali ya poti:

```
show interfaces gigabitEthernet0/24 status
```

Ikasema `a-100`. Poti ya gigabiti, swichi ya gigabiti upande wa pili, na wamekubaliana megabiti 100.

Gigabiti hutumia jozi zote 4 za waya. Megabiti 100 hutosheka na jozi 2. Jozi moja ikifa, vifaa vingi hushuka vyenyewe hadi 100, na taa inaendelea kumeta kana kwamba hakuna lililotokea. Kebo ile ilikuwa imepitishwa nje ya dirisha, upande wa bahari. Nilipochomoa kichwa chake, pini mbili zilikuwa na ile kutu ya kijani ya shaba iliyolambwa na hewa ya chumvi. Yeyote aliyefanya kazi hii pwani anaijua.

Hesabu yake ni hii. Kamera 16, kila moja megabiti 4, ni megabiti 64, na zote zilipita hapo kwenda kwenye kinasa picha ghorofa ya juu. Zilibaki 36, na bakapu ilizitaka zote na zaidi. Simu je? Simu ya kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 hutuma pakiti 50 kwa sekunde, kila moja ina baiti 160 za sauti. Ukijumlisha vichwa vyote hadi vya Ethernet, pakiti inakuwa baiti 218. Hiyo ni kilobiti 87.2 kwa sekunde kila upande. Simu zote 30 zikizungumza kwa pamoja hazifiki megabiti 2.7. Sauti haiombi nafasi kubwa, inaomba isisimamishwe. Pendekezo la ITU la G.114 ni kuchelewa kusikozidi milisekunde 150 kwa upande mmoja, na pakiti ya sauti ikitupwa hairudishwi: hata ingerudi, neno lilishapita.

Nilibadilisha kebo, poti ikapanda hadi 1000, namba ikasimama. Ningeweza kufunga mkoba na kudai changu. Lakini swichi hiyo ilikuwa imewekewa vipaumbele, yaani QoS, na fundi aliyenitangulia. Hata kwenye njia nyembamba ya megabiti 100, zile 2.7 za simu zingepaswa kupita mbele ya bakapu bila kuguswa. Mbona hazikupita?

## "QoS imewashwa, lakini ni kama haipo"

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo mafundi wengi tunapojikwaa.

Pakiti ya simu hubeba alama. Alama moja imo kwenye kichwa cha IP, huitwa DSCP, ina biti 6, yaani thamani 0 hadi 63. Sauti kwa desturi ni 46. Nyingine imo kwenye tagi ya VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya mtandao), huitwa CoS, biti 3, thamani 0 hadi 7. Sauti kwa desturi ni 5. Swichi husoma alama na kuamua foleni. Sasa, Catalyst 2960 ikitoka kiwandani haijali alama: inazipitisha zilivyo, haziguswi. Ukiandika `mls qos`, inaanza kujali, na jambo la kwanza inalofanya ni kutomwamini mtu yeyote. Kila poti isiyoambiwa kuamini hufuta alama ya pakiti inayoingia na kuandika sifuri. Yaani fundi amewasha kipaumbele, na kwa kitendo hicho hicho simu zote zimevuliwa beji na kupangwa foleni moja na bakapu. Ofisi ingekuwa na nafuu kama asingegusa.

```
show mls qos interface gigabitEthernet0/5
```

Ukiona `trust state: not trusted` kwenye poti yenye simu, umempata mwizi.

Ofisini kwetu haikuwa rahisi hivyo. Poti za simu zilikuwa na amri ya kuamini, lakini pamoja nayo kulikuwa na hii: `mls qos trust device cisco-phone`. Maana yake ni, amini poti hii ikiwa tu umetambua simu ya Cisco kupitia itifaki ya CDP. Simu za zamani zilikuwa za Cisco. Mwaka mmoja kabla, walinunua za kampuni nyingine zilizo nafuu, na hakuna aliyekumbuka swichi. Simu mpya hazikujitambulisha kwa lugha ile, swichi ikazikataa kimyakimya. Hakuna taa nyekundu wala ujumbe wa kosa. Niliiondoa amri hiyo kwenye poti zote za simu.

Halafu likabaki swali la kuamini nini, DSCP au CoS. Kwenye poti ya simu mimi napendelea CoS. Kompyuta nyingi huchomekwa nyuma ya simu, na kompyuta hutuma fremu (pakiti za Ethernet) zisizo na tagi. Fremu isiyo na tagi haina CoS, kwa hivyo swichi huipa ile ya poti, ambayo ni 0. Programu fulani kwenye kompyuta ikijipachika DSCP 46, haifiki popote. Ukiamini DSCP kwenye poti hiyo, umemwamini na mwenye kompyuta.

Lakini CoS nayo ina mtego wake. Swichi hii hubadilisha CoS kuwa DSCP kwa jedwali, na jedwali la kiwandani huigeuza 5 kuwa 40, si 46. Ndani ya swichi hiyo hutaona tofauti, kwa kuwa 40 hadi 47 zote huingia foleni 1. Utaiona mbele, kwenye rauta iliyoambiwa itafute 46 na haiioni hata moja. Kwa hivyo:

```
mls qos
mls qos map cos-dscp 0 8 16 24 32 46 48 56
!
interface range gigabitEthernet0/1 - 15
 mls qos trust cos
!
interface gigabitEthernet0/24
 mls qos trust dscp
 priority-queue out
 srr-queue bandwidth share 1 50 30 20
```

Kati ya swichi na swichi naamini DSCP, kwa sababu kazi ya kuhakiki imeshafanyika mlangoni. Andika hivyo kwenye swichi zote mbili. Simu ya ghorofa ya juu ikisikika vizuri upande mmoja tu, mara nyingi swichi moja imesahauliwa.

Utajuaje kama imekubali? Usiamini usanidi, tazama pakiti. Takwimu za poti 24 zina sehemu ya DSCP zinazotoka, zimepangwa safu za tano tano. Tafuta safu ya `45 - 49`, hesabu ya pili ndiyo 46. Piga simu moja, ongea na mtu dakika moja, rudia amri: iongezeke takriban 3,000, kwa kuwa pakiti ni 50 kwa sekunde. Nikiona 3,000 nalala vizuri.

Ukitaka kuona kwa jicho, nakili poti kwenda kwenye laptopu na utumie tcpdump, programu ya kunasa pakiti:

```
tcpdump -n -v '(ip[1] & 0xfc) == 0xb8'
```

Angalizo mbili. Nakala ya pakiti zinazoingia huchukuliwa kabla swichi haijabadilisha alama, kwa hivyo nakili upande wa kutoka la sivyo utadanganywa. Na ukitafuta tagi ya VLAN, weka `encapsulation replicate` kwenye poti ya nakala, na ujue kuwa kadi nyingi za laptopu huvua tagi kabla hujaiona. Nimewahi kulaumu simu 12 kwa kosa la laptopu yangu.

## "Tangu uwashe hiyo kitu, mafaili yanakwenda polepole"

Malalamiko haya ni ya kweli, usiyapuuze. Kabla ya `mls qos`, data yote ilikuwa na bafa (kumbukumbu ya kungojea) kubwa ya kujisitiri. Baada yake bafa hugawanywa robo robo kwa foleni 4. Data ya kawaida, yenye alama 0, huingia foleni 2 pekee. Ofisi nzima imebanana kwenye robo, na foleni mbili zimekaa tupu. Pakiti zinatupwa hata njia ikiwa haijajaa, maana mafaili huja kwa vishindo, si kwa mtiririko.

```
mls qos queue-set output 1 buffers 10 50 20 20
mls qos queue-set output 1 threshold 2 400 400 100 400
```

Sauti hupewa bafa ndogo, na hiyo inatosha. Pakiti ya simu iliyokaa kwenye bafa muda mrefu haina faida kwa mtu.

## "Simu nne ni sawa, ya tano ikiingia zote zinaharibika"

Hili nililikuta kwenye ghala moja njia ya Changamwe, na nalipenda kwa sababu linajieleza lenyewe kwa hesabu. Ghala lilikuwa limeunganishwa na ofisi kwa redio ya juu ya paa yenye uwezo wa megabiti 10 hivi. Mtu akaona ni busara kuilazimisha poti ya swichi iwe `speed 10` ili ilingane na redio.

Kwenye 2960, foleni 1 hutoka kiwandani ikiwa na ukuta: uzito wa `shape` ni 25, na maana yake ni moja ya ishirini na tano ya kasi ya poti. Kwenye poti ya gigabiti hiyo ni megabiti 40, hutaigusa maishani. Kwenye poti ya megabiti 10 ni kilobiti 400. Gawanya kwa 87.2: simu nne na nusu. Ya tano haikatiki peke yake, kwani zote zimo foleni moja. Kila mmoja anapoteza maneno.

Hapa lazima maneno mawili yaeleweke, maana yanafanana na hayafanani. `share` ni ahadi: foleni ikihitaji fungu lake italipata, isipohitaji wengine wanalitumia. `shape` ni ukuta: hata njia ikiwa tupu, foleni haivuki hapo. Na foleni ikiwa na `shape`, `share` yake haihesabiwi kabisa. Nimekuta watu wakipandisha `share` ya foleni 1 mara kumi na hakuna kinachobadilika. Dawa ni `priority-queue out`, ambayo huifanya foleni 1 ihudumiwe kwanza na kuupuuza ukuta huo. Kodeki ya G.729 ingepunguza kila simu hadi kilobiti 31.2, na wenye redio dhaifu huitumia, lakini huko ni kuzunguka kosa badala ya kulitoa.

## "Simu safi kabisa, wengine wote tumekwama"

Kinyume cha tatizo la kwanza, na chanzo chake karibu siku zote ni wema uliopitiliza. `priority-queue out` haina huruma: maadamu foleni 1 ina pakiti, hakuna mwingine anayehudumiwa. Ikibeba megabiti 2.7 za simu, hakuna atakayehisi. Lakini bosi akisema na kamera ziwe muhimu, na za mkutano wa video, na mfumo wa forodha pia ni muhimu, na fundi akakubali yote kwa 46, basi kila gari limefunga king'ora.

Angalia tena safu ya `45 - 49`. Ukipata mamilioni wakati simu ni tatu, kuna mtu amevaa beji isiyo yake. Fuata poti moja moja hadi umkute. Kwetu zilikuwa kamera. Fundi wa kamera alikuwa ameziwekea 46 ndani ya mipangilio yake, na kusema kweli alikuwa anatetea kazi yake.

Kamera nilizishusha hivi:

```
interface range gigabitEthernet0/16 - 23
 mls qos trust cos
 mls qos cos 1
!
mls qos srr-queue output dscp-map queue 4 threshold 1 8
```

Kamera hutuma fremu zisizo na tagi, poti inazipa CoS 1, jedwali linaigeuza DSCP 8, na mstari wa mwisho unaipeleka foleni 4 yenye fungu la 20. Usishangae kuwa 1 iko chini ya 0. Katika mpangilio wa IEEE, 1 ni kazi za chinichini, na 0 ni watu wa kawaida.

Bosi aliuliza kama picha zitaharibika. Foleni 4 ina ahadi ya moja ya tano ya gigabiti baada ya simu kupita, na kamera za ghorofa zote hazifiki theluthi ya hiyo. Hakuuliza tena.

## "Nimepewa kumi, napata tatu"

Mpangaji wa chumba cha chini alikuwa amegawiwa megabiti 10. Akipima anapata 3, wakati mwingine 4, haivuki. Usanidi ulisema 10 waziwazi:

```
police 10000000 8000 exceed-action drop
```

Namba ya kuangalia ni ile ya pili. 8000 ni baiti za kishindo kinachoruhusiwa, yaani pakiti 5 kubwa za baiti 1,500. Amri hii haipangi foleni: kinachozidi hutupwa papo hapo. Seva ya mbali hutuma pakiti kwa mafungu, fungu linafika kwenye poti ya gigabiti kwa mara moja, tano zinapita, zilizobaki zinatupwa. TCP, itifaki inayosimamia utumaji huo, ikiona pakiti zimepotea hupunguza mwendo, inajaribu tena, inapigwa tena, na haifiki 10 asilani. Chukua kasi kwa baiti, zidisha kwa muda wa kwenda na kurudi: 10,000,000 gawanya kwa 8, zidisha kwa sekunde 0.2, ni baiti 250,000. Niliiweka hiyo, akapanda hadi 9 na kitu.

Jua pia kuwa 2960 hukata pakiti zinazoingia tu. Ukiiweka amri hiyo kwenye poti ya mpangaji umepunguza anachopakia, si anachopakua. Kwa anachopakua kuna `srr-queue bandwidth limit` ya upande wa kutoka, lakini inapokea asilimia 10 hadi 90, kwa hivyo kwenye poti ya megabiti 100 huwezi kwenda chini ya 10.

## "Ndani kwa ndani safi, nje ndiyo mbaya"

Simu kati ya ghorofa haina kasoro, simu ya mteja wa Nairobi inakatika. Ukihesabu pakiti zilizotupwa kwenye swichi, sifuri. Na itakuwa sifuri daima: poti ya kwenda kwenye rauta ni gigabiti, huduma uliyolipia ni 50, kwa hivyo foleni haitokei kwenye swichi. Inatokea kwa mtoa huduma, ambako alama zako usizitegemee kabisa. Unachoweza ni kuihamishia foleni nyumbani: rauta itoe kidogo chini ya 50, ili msongamano utokee kwako, unapoweza kuchagua.

```
/ip firewall mangle add chain=postrouting dscp=46 action=mark-packet new-packet-mark=sauti passthrough=no
/queue tree add name=kutoka parent=ether1 max-limit=46M
/queue tree add name=simu parent=kutoka packet-mark=sauti limit-at=3M max-limit=46M priority=1
/queue tree add name=mengine parent=kutoka packet-mark=no-mark limit-at=40M max-limit=46M priority=8
```

Kwenye MikroTik 1 ndiyo ya mbele na 8 ndiyo ya mwisho, kinyume cha CoS. Vipaumbele hivyo hufanya kazi kwenye foleni za watoto pekee, na mzazi asipokuwa na `max-limit` ni mapambo.

Ukishaweka yote haya na foleni ya `simu` bado inasoma sifuri huku watu wanaongea, angalia FastTrack:

```
/ip firewall filter print where action=fasttrack-connection
```

Sheria hiyo huja na usanidi wa kiwandani wa rauta nyingi za nyumbani na ofisi ndogo. Hupitisha pakiti njia ya mkato ili prosesa ipumzike, na njia hiyo ya mkato haipiti kwenye mangle, sehemu inayopachika alama, kwa hivyo alama ya `sauti` haipigwi na simu zinaangukia `mengine`. Izime, kisha tazama mzigo wa prosesa. Rauta ndogo inaweza kuelemewa. Hapo uchaguzi ni rauta kubwa zaidi.

## Mengine kwa haraka

Simu ya mezani nzuri, ya kwenye Wi-Fi mbaya: vifaa vingi vya Wi-Fi huchukua biti 3 za juu za DSCP. 46 inatoa 5, na 5 kwa Wi-Fi ni kundi la video, si la sauti. RFC 8325 ya mwaka 2018 inashauri iwe 6. Tafuta jedwali hilo kwenye mipangilio ya kifaa.

Programu ya simu kwenye Windows haitoi alama: mara nyingi Windows ndiyo inayozuia hadi uweke sera ya QoS kwenye Group Policy.

Poti moja tu ina kelele, na hesabu ya `late collision` inapanda: upande mmoja umelazimishwa duplex kamili (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja), mwingine unajadiliana wenyewe. Rudisha pande zote kwenye `auto`.

Na hili la mwisho limenirudisha ofisini mara nyingi kuliko kebo mbovu. Kila kitu kilikuwa sawa Ijumaa, Jumatatu kisima kimerudi. Uliza kama stima zilipotea wikendi. Kisha:

```
show startup-config | include mls qos
```

Ikirudi tupu, fundi alipanga kila kitu akaondoka bila kuandika `copy running-config startup-config`. Yule wa Jumatatu hiyo nilikuwa mimi. Mama wa mapokezi aliniona nikipanda ngazi na kebo ya konsoli begani, akacheka: "Umesahau nini tena, mwanangu?"